Thailand: Feza inalala banki, mzee anapewa mwaka mmoja

Kila siku ya kazi, kwenye ofisi za uhamiaji za Bangkok, Pattaya na Chiang Mai, wazee wageni wanakuja na dosie mkononi. Ndani kuna paseporti, picha, fomu, barua ya banki na kile kitabu kidogo cha banki kinachoandikwa kila feza iliyoingia na kila iliyotoka. Afisa anafungua kitabu na kufuata mistari kwa kidole. Anatafuta kitu kimoja: je, feza ilishuka chini ya baht 800,000, hata siku moja, ndani ya miezi ambayo sheria inakataza?

Kama haikushuka, mzee anapata mwaka mwingine wa kukaa. Kama ilishuka, hata kwa baht 100 tu, anaweza kurudishwa nyumbani na dosie yake, na kuambiwa atafute njia nyingine ao aondoke inchini.

Baht 800,000, kwa bei ya miaka hii, ni kati ya dola 22,000 na 25,000 za Marekani. Watu wengi wanaosikia hesabu hiyo kwa mara ya kwanza wanafikiri ni bei ya visa. Hapana. Malipo yenyewe ya kuongeza mwaka ni baht 1,900, karibu dola 60. Zile 800,000 zinabaki za mzee, kwa jina lake, kwenye kompti yake. Serikali haizichukui. Inataka tu zilale pale, na ijue kwamba zinalala.

Hapo ndipo shida inaanza. Wakaaji wa Goma na Bukavu, walioona banki zikifungwa mwanzoni mwa mwaka 2025, hawana haja ya kufundishwa maana ya kuwa na feza ambayo hauwezi kuigusa. Kwa mstaafu wa Thailand banki iko wazi, mashine inatoa noti, na hakuna anayemkataza kwa nguvu. Ila akitoa, anapoteza haki ya kukaa.

Habari hii inawagusa pia Wakongomani. Wale walioenda Ubelgiji, Ufaransa na Kanada miaka ya 1980 na 1990 sasa wanafikia umri wa pansio, na wengi wana paseporti za kule. Baadhi yao wanasikia kwamba Thailand maisha ni rahisi, joto ni kama la nyumbani, lupitali ni nzuri. Mambo hayo yana ukweli. Lakini kabla ya kuuza nyumba ya Liège ao kumaliza akiba, ni vizuri kuelewa kazi ya hiyo feza.

Nani anaruhusiwa

Sheria inataka mtu awe na miaka 50 ao zaidi. Asifanye kazi yoyote: si biashara, si kufundisha Kifaransa, si kusaidia kwenye duka la rafiki. Thailand inamtaka mtu aliyemaliza kazi yake kwingine na anayekuja kula feza yake pale. Ndiyo maana inadai ushahidi kwamba feza iko, ili kesho asije akalala kwenye barabara ao kushinda mbele ya ambasadi yake akiomba tiketi ya kurudi.

Hesabu haikuwa hii siku zote. Wageni walioruhusiwa kuingia kabla ya tarehe 21 mwezi wa 10 mwaka 1998, na ambao hawakukatisha kibali chao hata mara moja tangu hapo, wanaendelea na hesabu ya zamani: mwenye miaka 60 na zaidi anaonyesha baht 200,000 tu. Mwaka ule Thailand ilikuwa inatoka kwenye msukosuko mkubwa, maana mwezi wa 7 mwaka 1997 baht iliachwa ielee na ikaanguka vibaya. Wazee wa kundi hilo waliobaki leo wanalinda kibali chao kama yai, sababu kikikatika siku moja tu, wanaingia kwenye hesabu ya wote.

Kwa wengine wote kuna njia tatu. Ya kwanza ni hiyo ya kulaza 800,000. Ya pili ni kuonyesha mapato ya baht 65,000 kila mwezi kutoka inje, kama pansio. Ya tatu ni kuchanganya: mapato ya mwaka mzima ukijumlisha na feza ya banki yafike 800,000. Mzee anayepata baht 40,000 kwa mwezi, kwa mfano, ana 480,000 kwa mwaka. Atahitaji kulaza 320,000.

Njia ya pili inaonekana nyepesi, na zamani ilikuwa nyepesi kweli. Mzee alikuwa anaenda kwenye ambasadi ya inchi yake, anaapa kwamba anapata kiasi fulani, anapewa barua, basi. Lakini Thailand ilitaka ambasadi zithibitishe zenyewe kwamba feza hiyo ni ya kweli. Uingereza, Marekani na Australia zikasema haziwezi kufanya hivyo, na mwanzoni mwa mwaka 2019 zikaacha kutoa hizo barua. Tangu hapo raia wa inchi hizo anayetegemea mapato lazima aonyeshe kwa kitabu cha banki kwamba kila mwezi, miezi 12 mfululizo, feza ilitoka inje na haikupungua 65,000. Mwezi mmoja wa 60,000 unaharibu mwaka, hata kama mwezi uliofuata ziliingia 80,000. Wengi walichoka na hesabu hiyo wakahamia kwenye kulaza feza.

Kalenda ya feza inayolala

Kanuni ya leo inatoka kwenye agizo la polisi lililoanza tarehe 1 mwezi wa 3 mwaka 2019. Kabla ya hapo feza ilikuwa inadaiwa tu miezi ya mbele ya kuomba, si baada ya kupewa kibali. Siku ya pili mtu aliweza kutoa zote na kurudishia aliyemkopesha. Agizo lilifunga mlango huo, ao lilijaribu kuufunga. Sasa 800,000 lazima ziwe zimelala miezi miwili kabla ya kuomba, na ziendelee kulala miezi mitatu baada ya kupewa kibali. Kisha mzee anaruhusiwa kutoa, lakini kompti isishuke chini ya 400,000 mpaka wakati wa kuijaza tena.

Tuseme kibali cha mzee kinaisha tarehe 20 mwezi wa 8, na anapanga kuomba tarehe 1 ya mwezi huo huo. Basi tarehe 1 mwezi wa 6 feza lazima iwe imekwisha kufika yote, na mwenye akili anaiingiza mwezi wa 5, sababu uhamisho kutoka Ulaya unaweza kuchelewa. Akipewa kibali tarehe 1 mwezi wa 8, hagusi kitu mpaka tarehe 1 mwezi wa 11. Kuanzia hapo mpaka mwezi wa 5 anaweza kula nusu, baht 400,000. Halafu lazima azirudishe.

Ukipiga hesabu vizuri utaona kwamba nusu moja inapata likizo ya miezi kama saba, na nusu ya pili haipate likizo kabisa. Baht 400,000, zaidi ya dola 11,000, haziguswi mwaka wa kwanza, wala wa pili, wala wa kumi, mpaka siku mzee anaondoka Thailand moja kwa moja ao anakufa. Wengi wanachoka na kuhesabu miezi, wanaamua kuziacha zote 800,000 mwaka mzima na kuishi kwa feza nyingine. Kwa mwenye uwezo, ni njia ya usingizi mzuri. Mwenye pansio ndogo ndiye anayehesabu.

Makosa yanayoangusha watu mara nyingi si makubwa. Mtu anatuma kutoka Ulaya kiasi kilicho sawasawa na 800,000, banki za njiani zinakata malipo yao, kinachofika ni 798,000. Mwingine ana kadi ya mashine kwenye kompti ile ile. Banki inakata malipo ya kadi ya mwaka mwezi ambao haukutakiwa, na hesabu inashuka chini ya mstari. Mwingine amefungua kompti pamoja na mke wake, kwa nia njema, na ofisi inamwambia kompti ya watu wawili haikubaliwi kwa ombi hili: jina liwe la mwombaji peke yake. Kwa hiyo wazoefu wanafungua kompti mbili. Moja ya matumizi, yenye kadi. Ya pili ni ya kulaza tu, haina kadi, na wanaweka ndani 810,000 ao 820,000 ili kidogo kikikatwa kisiwaumize.

Siku ya kuomba, banki inatoa barua inayosema feza ni kiasi gani, na kitabu kinapitishwa kwenye mashine kiandikwe mpaka siku ile. Ofisi nyingi zinataka vyote viwe vya siku ile ile ya ombi, kwa hiyo mzee anaanzia banki asubuhi, kisha anakimbia uhamiaji. Ofisi nyingine zinaomba pia maandishi ya miezi 12 iliyopita, ili zione kama ile kanuni ya 400,000 iliheshimiwa. Na wengine wanaitwa tena baada ya miezi mitatu kuonyesha kitabu. Sheria ni moja, lakini kila ofisi ina mazoea yake. Mtu wa Hua Hin asitegemee maneno ya mtu wa Chiang Mai. Wakongomani waliowahi kufuata dosie kwenye ofisi mbili za mji mmoja watalielewa jambo hilo bila shida.

Kwa anayeanza kuna kifundo kingine. Banki nyingi hazifungulii kompti mtalii, hasa tangu serikali ianze kuwinda kompti za kukodisha zinazotumiwa na matapeli. Na bila kompti hauwezi kulaza feza. Njia ya kawaida ni kuingia na visa ya siku 90 iliyotolewa na ambasadi ya Thailand, kufungua kompti nayo, kuingiza feza siku za kwanza, kuiacha ilale miezi miwili, kisha kuomba mwaka ndani ya siku 30 za mwisho. Siku 90 zinatosha. Haziachi siku za kupoteza.

Bei ya baht haimngoji mzee

Hesabu imewekwa kwa baht, lakini pansio inalipwa kwa pauni, euro ao dola. Kabla ya Waingereza kupiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya, mwezi wa 6 mwaka 2016, pauni moja ilikuwa inaleta kama baht 50. Mwaka 2019 ilishuka mpaka chini ya 40. Kwa bei ya 50, baht 800,000 ni pauni 16,000. Kwa bei ya 40 ni pauni 20,000. Sheria ilikuwa ile ile, ofisi ile ile, na mzee hakufanya kosa lolote, lakini alitakiwa kutafuta pauni 4,000 zaidi.

Waingereza wana mzigo mwingine tena. Pansio ya serikali yao, mtu akiishi Thailand, haiongezwe kila mwaka kama ya wale waliobaki nyumbani. Inabaki pale ilipokuwa siku alipohama. Mtu aliyefika na miaka 66 akifikisha 80 anapokea hesabu ile ile, wakati mchele, nyumba na dawa vimepanda. Aliyelaza feza mapema, wakati pauni ilikuwa na nguvu, na hakuzigusa, ndiye aliyepona. Aliyekuwa anategemea kuonyesha 65,000 kila mwezi aliona pansio yake ikishuka chini ya mstari bila yeye kufanya kitu.

Kuhusu usalama wa feza yenyewe, wazee wa Kongo wana haki ya kuuliza. Siku ya Noeli mwaka 1979 serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazitakuwa na kazi tena, na familia nyingi zilipoteza akiba ya miaka. Thailand ina shirika la serikali la kulinda akiba, na tangu mwezi wa 8 mwaka 2011 kanuni zake zimekuwa zikipunguza ulinzi pole pole mpaka kufika, tangu mwezi wa 8 mwaka 2021, baht milioni 1 kwa kila mtu kwenye kila banki. Kwa hiyo 800,000 zinaingia ndani ya ulinzi huo. Banki ikianguka, mzee analipwa. Ni baht yenyewe kushuka bei ndiyo haina ulinzi.

Munganga anapoomba malipo

Hapa ndipo kanuni inauma kuliko pote. Mzee wa miaka 74 anaanguka na ugonjwa wa moyo. Lupitali ya watu binafsi inampokea, lakini inaomba feza ya kwanza mbele ya kupasua. Hana bima, sababu kampuni nyingi za bima zinakataa mtu mpya aliyevuka miaka 70, ao zinamkubali kwa bei ambayo pansio yake haiwezi. Kwenye kompti yake kuna baht 800,000. Ni mwezi wa 9. Kibali kilitolewa mwezi wa 8.

Akilipa lupitali, anaokoa uhai na anavunja kanuni. Mwaka unaofuata, afisa ataona kwenye kitabu kwamba feza ilishuka ndani ya ile miezi mitatu. Asipolipa, jambo lingine. Hakuna mzee anayechagua kitabu cha banki mbele ya moyo wake, basi analipa, na baada ya kupona anaanza kutafuta: aondoke inchini, aingie tena na visa mpya, alaze feza upya kama mtu wa kwanza, kama bado anayo. Wakosoaji wa kanuni wanasema feza iliyowekwa ili mgeni asiwe mzigo inakatazwa kumsaidia siku ile anapokuwa mzigo. Ni vigumu kuwakatalia.

Kuna aina ya pili ya visa, ile ya O-A, inayoombwa mtu akiwa bado kwao. Hiyo inaruhusu 800,000 zionyeshwe kwenye banki ya inchi yake, si lazima Thailand. Lakini inadai cheti cha polisi kwamba hana hukumu, cheti cha munganga kwamba hana ukoma, kifua kikuu, matende, kaswende iliyokomaa wala ulevi wa madawa ya kulevya, na tangu mwezi wa 10 mwaka 2019 inadai bima ya matibabu. Mwanzoni bima ilikuwa ya baht 400,000 kwa kulazwa na 40,000 kwa kutibiwa bila kulazwa; baadaye ilipandishwa mpaka baht milioni 3, ndiyo kusema dola 100,000. Kwa hiyo anayekimbia kulaza feza Thailand anakutana na bima, na anayekimbia bima anarudi kwenye kulaza feza.

Na kuna O-X, ya miaka 10, inayodai baht milioni 3. Hiyo ni kwa raia wa inchi 14 tu. Ufaransa na Kanada ziko. Ubelgiji haiko. Inchi ya Afrika haiko hata moja.

Wale wanaokopesha feza ya kuonyesha

Penye kanuni ngumu, mfanyabiashara hakosekani. Pattaya na Bangkok kuna watu wanaojiita wasaidizi wa visa. Wengine wanafanya kazi safi: wanajaza fomu, wanasindikiza mzee, wanatafsiri. Wengine wanauza kitu kingine. Mzee asiye na 800,000 anawapa paseporti na malipo, wao wanaingiza feza yao kwenye kompti ya jina lake kwa siku chache, barua ya banki inatoka, kibali kinatoka, feza inarudi kwa mwenyewe. Ni Banki Lambert, kama watu wa Kinshasa wanavyowaita wakopeshaji wa riba kubwa, ila hapa kinachokopeshwa ni picha ya feza.

Swali ni moja: ile miezi miwili kabla na mitatu baada, ilikwenda wapi? Kibali kilichotolewa bila hiyo miezi kinategemea uongo ao mtu wa ndani aliyefunga macho. Kinaonekana sawa na kingine, kina muhuri, kina tarehe. Lakini siku mkubwa mpya anapofika ofisini na kuanza kufungua dosie za zamani, aliye na jina kwenye karatasi ni mzee, si msaidizi. Anaweza kufutiwa kibali na kufukuzwa. Na anayetumia njia hiyo mwaka mmoja ni shida kurudi kwenye njia ya haki mwaka wa pili, sababu kitabu chake kina shimo.

Aliyeshindwa kabisa na akabaki bila kibali analipa baht 500 kwa kila siku, mpaka 20,000. Akivusha siku 90 na kujitoa mwenyewe kwenye uwanja wa ndege, anafungiwa mlango mwaka mmoja. Akivusha mwaka, miaka mitatu. Akikamatwa kabla ya kujitoa, ni miaka mitano hata kama hajamaliza mwaka, na kumi akiwa ameuvusha. Kwa mtu wa miaka 75, miaka kumi ni nini?

Mwenye kompti akifa

Kompti ni ya jina moja. Hiyo ndiyo kanuni ya uhamiaji. Na kanuni ya banki ni kwamba mwenye jina akifa, kompti inafungwa mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Mke aliyeishi naye miaka 15 hawezi kutoa hata feza ya jeneza. Watoto walioko Ulaya ao Kongo wanapaswa kuleta vyeti vya kuzaliwa, cheti cha kifo, tafsiri kwa Kithai zenye mihuri, na wakili wa kusimama mahakamani. Inachukua miezi.

Wanaofikiria mbele wanaandika wosia hapo hapo Thailand, kwa ajili ya mali iliyoko Thailand tu, na kutaja ndani jina la msimamizi. Haiondoi mahakama, lakini inafupisha njia. Pia wanaweka feza kidogo kwenye kompti ya mke, ya jina lake, ili siku ya msiba asikae bila kitu. Kutumia kadi ya marehemu kwenye mashine usiku ule ule, jambo ambalo wengi wanalifanya, ni kosa, na warithi wengine wanaweza kumshitaki.

Kwa mwenye paseporti ya Kongo

Sheria ya umri na feza haimkatazi Mkongomani. Inayomchelewesha ni karatasi. Kwanza kadi ya manjano ya chanjo, maana Kongo iko kwenye orodha ya inchi ambazo Thailand inadai ushahidi wa chanjo ya homa ya manjano. Pili, asili ya feza. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2022 Kongo iliingia kwenye orodha ya inchi zinazofuatiliwa kwa karibu juu ya kusafisha feza haramu, na banki za inje zinapoona uhamisho mkubwa kutoka Kinshasa ao Lubumbashi zinauliza maswali. Dola 25,000 zilizokusanywa kwa likelemba ya miaka, ao zilizotoka kwenye kiwanja kilichouzwa kwa noti mkononi, ni feza halali, lakini hazina karatasi. Anayepanga safari hiyo afadhali aanze kupitisha feza yake banki mapema na aweke mkataba wa kuuza kiwanja wenye muhuri wa mthibitishaji.

Tatu, ndoa. Mke ao mume wa mstaafu anaweza kufuata chini ya dosie ya mwenzake bila kulaza 800,000 zake. Ila lazima aonyeshe cheti cha ndoa kilichoandikwa kwa ofisi ya serikali, kikathibitishwa na ambasadi na kutafsiriwa. Mahari iliyotolewa mbele ya familia mbili, hata kwa sherehe kubwa namna gani, haina karatasi ambayo afisa wa Bangkok atasoma. Wanandoa wengi wa Kongo wa umri huo hawakuwahi kwenda kwa ofisa wa serikali. Wanaweza kuandikisha hata sasa, na kazi hiyo ifanywe kabla ya kununua tiketi.

Thailand haiko peke yake kwa kudai feza ilale. Ufilipino pia ina mpango wa wastaafu, ambapo feza inawekwa kwa dola kwenye banki iliyokubaliwa na ofisi ya serikali ya wastaafu, na mtu haitoi bila ruhusa ya ofisi hiyo. Sehemu yake inaweza kutumika kununua nyumba ya ghorofa. Ni kufuli ngumu zaidi ya ile ya Thailand, lakini ina faida moja: mzee hahesabu miezi, na bei ya pesa ya pale ikiyumba haimlazimishi kuongeza kitu.

Mwenye kibali cha Thailand ana tarehe nyingine za kukumbuka. Kila siku 90 anajulisha ofisi mahali anapoishi. Akikaa siku 180 ao zaidi kwa mwaka, anahesabiwa kama mkaaji kwa mambo ya kodi, na tangu tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2024 mapato ya inje anayoingiza yanaweza kutozwa. Akiba iliyokusanywa kabla ya tarehe hiyo haitozwe, mradi aweze kuonyesha ni ya zamani. Tena karatasi.

Na kuna ile ya kutoka inchini. Mzee anapigiwa simu usiku: ndugu yake amefariki Kisangani. Asubuhi ananunua tiketi, anaenda uwanja wa ndege, anapigiwa muhuri wa kutoka, anapanda ndege. Kama hakuomba kwanza ruhusa ya kurudi, kibali chake cha mwaka kimekufa pale pale kwenye muhuri, hata kama baht 800,000 zingali zimelala banki bila kuguswa. Akirudi anapokelewa kama mgeni mpya. Ruhusa hiyo ni baht 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa safari nyingi, na kwenye uwanja mkubwa wa Bangkok, Suvarnabhumi, kuna meza inayoitoa karibu na pale pa kukaguliwa paseporti. Unajaza fomu moja, unatoa picha na feza. Ni dakika chache, hata siku ya kilio.